Vitanda vya Watu Warefu

Seremala huyu watu wa mtaani walimbatiza Futi Sita, kwa sababu kitanda chochote utakachomwagiza, uwe mfupi uwe mrefu, kitatoka futi sita. Mkono umeshazoea. Ukimlalamikia anakwambia, "Kunja magoti, ndugu yangu. Kulala si gwaride."

Mwaka ambao mji wao mdogo ulipewa mashindano ya mpira wa wavu, yaliyovuta timu na mashabiki kutoka nchi jirani, dada yake alisafisha vyumba vya nyumba waliyoachiwa na baba yao ili alaze wageni. Lilikuwa jaribio la mwisho. Wapangaji walishahama, mji umepooza, naye alikwishaamua: wageni wasipokaa, anauza nyumba na kuhamia kwa mwanawe. Hata ubao wa NYUMBA INAUZWA ulikuwa tayari nyuma ya mlango. Futi Sita ndiye aliyeuranda na kuupaka rangi, roho ikimuuma, maana alizaliwa humo.

Vitanda, bila shaka, alitengeneza yeye. Wala hakufikiria kwamba wacheza mpira wa wavu ni watu wa kuinama mlangoni.

Timu ya kwanza ilipofika, nahodha alijilaza kujaribu. Nyayo zikagonga ubao wa miguuni, magoti yakabaki juu. Wenzake wakaangua kicheko, lakini kocha hakucheka.

"Mama, tusamehe. Vijana wakiamka na maumivu ya mgongo tumekwisha. Tutatafuta kwingine."

"Tupe mpaka jioni, mwalimu," dada alisema, kisha akamgeukia mdogo wake. "Na wewe umeganda nini? Huoni nyumba ya baba inaondoka?"

Hapo utani ulimwisha. Aling'oa mbao za miguuni, akavunja benchi la karakana yake, akaunga vitanda kimoja baada ya kingine, huku dada akijazia magodoro kwa mito ya makochi. Kufika kitanda cha nahodha, mbao zikaisha, na duka la mbao limefungwa. Futi Sita akakaa chini, akaona haya kumtazama dada yake.

Dada aliingia ndani, akarudi na ule ubao wa nyuma ya mlango.

"Kata huu."

"Dada, una hakika?"

"Kata kabla sijabadili mawazo."

Timu ilikaa mpaka fainali, na kabla ya kuondoka kocha alishika vyumba vya mwaka uliofuata. Dada alipotandua kitanda cha nahodha, alikuta neno INAUZWA chini ya godoro. Akatandika shuka safi juu yake, akaita uani.

"Futi Sita! Njoo na futi kamba. Nataka vitanda vya futi saba, vyumba vyote."

Alijibu anakuja, lakini alikawia kidogo, akijifuta macho kwa pindo la shati.