Makuti Ishirini Juu ya Kitanda Changu

Sisi tuliokulia Kisauni wakati wa vita vya pili vya Wazungu hatukuuliza fundi yuko wapi. Fundi alikuwa mama. Baba alishinda bandarini akipakua meli, na nyumba ilitungoja mama na mimi. Ukitaka uji, twanga. Ukitaka mkeka, suka. Na kila masika yakikaribia tulikaa uani kushona makuti ya paa, vidole vimechanika na mgongo unauma. Jani la mnazi hukunjwa juu ya kijiti, la pili likapanda mgongoni mwa la kwanza, ukashona kwa chane, nyuzi nyembamba za miyaa. Ukiacha nafasi, mvua hupita.

Mwaka mmoja, nina miaka tisa, wenzangu wananingoja tucheze mdako. Nikayapachika majani moja mbali na jingine, makuti ishirini yakaisha kabla ya adhuhuri. Mama akainua moja juani, mwanga ukapita tele.

"Mwanaisha."

"Abee, mama."

"Hili ni kuti au kifumbu cha kuchujia tui?"

"Kuti, mama."

"Haya. Nenda kacheze."

Nikaenda nimefurahi, mjinga mimi.

Baba alipopanda kuezeka, mama akamwambia yale ishirini ayaweke juu ya kitanda changu, yasichanganywe na mengine.

"Mtoto ataogelea," baba akasema.

"Si kashona mwenyewe?"

Mvua ikaja alfajiri. Siku tatu nilisogeza kitanda huku na huku, naona haya kusema. Siku ya nne ikalowa kanzu yangu ya kwendea chuoni kusoma Kurani, ile moja tu niliyokuwa nayo. Nikamwendea mama akikuna nazi.

"Mama, nionyeshe tena."

Hakusema pole. Siku ya jua baba aliyashusha, nami nikafumua yote nikashona upya. Mama alikaa kando ananitazama mikono. Hakushona hata moja. Mvua iliyofuata nililala kavu.

Leo wajukuu zangu mfereji wa maji jikoni ukitona wanapiga simu aje mtu. Kifungo kikikatika, shati linatupwa. Wenzangu wa rika langu wanawacheka, nami nacheka nao. Lakini waliowazaa wajukuu hao niliwalea mimi. Walikuwa wakishona makuti ovyo, nami nawaonea huruma. Wakenda kucheza, nafumua nashona upya. Hawakulowa hata siku moja, na mpaka leo wanadhani walijua kushona.