Karatasi za Dawa Tulizozivuta

Siku yangu ya kwanza kazini, ukungu wa mto Lualaba ulikuwa bado umelala juu ya barabara za Kindu. Nilitoka nyumbani upande wa kituo cha treni, ambako baba yangu, mtu wa Kasai, alikuwa fundi wa reli, nikatembea bila kuona zaidi ya hatua kumi mbele yangu. Kisha nyumba ya tribinali, yaani mahakama, ikatokea, nyeupe, kana kwamba yenyewe ndiyo iliyokuwa ikinijia. Nchi ilikuwa bado changa katika jina lake la Zaire, tai zilikuwa zimekatazwa, nami nilikuwa nimevaa abakosti ya kuazima, lile koti lisilovaliwa na tai, iliyonibana kwapani. Hata leo nikisinzia mchana naiona nyumba ile ikija, na kwapa linanibana tena.

Aliyenipokea alikuwa Shefu wa Grefu. Grefu ni ofisi ya makarani wa mahakama, na karani mwenyewe tulimwita grefye. Alinipa kalamu, muhuri, na daftari pana liitwalo plumitifu, ambamo grefye huandika yote yanayosemwa katika kikao. Alikuwa mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

“Sikia, mutoto yangu,” aliniambia. “Juge iko na kichwa. Avoka iko na mudomo. Weye grefye uko na mukono tu. Siku utasema kitu yako mbele ya tribinali, siku ile hauko tena grefye.”

Juge kwetu ni hakimu, na avoka ni wakili. Niliitikia, “Ndiyo, Shefu,” na kwa miaka mingi nikawa mkono tu. Niliandika wizi wa mbuzi, talaka, mipaka ya mashamba ya mihogo. Nilijifunza kuandika bila kuinua macho, na kutocheka shahidi anapoapa kuwa ng'ombe wa jirani ndiye aliyefungua mlango. Ukifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, maneno ya watu hukupitia kama maji ya mto, ukabaki hujui lipi lilikuwa la nani.

Kisha wakanipeleka Kampene, kwenye machimbo, kuandika kesi za watu waliogombania mashimo. Huko nilijifunza mambo mawili: kusinzia nikiwa nimeketi wima, na kuvuta tumbako. Sigara za pakiti zilikuwa adimu, kwa hiyo kila mwanamume alisokota ya kwake, na mjadala mkubwa wa jioni ulikuwa ni karatasi. Ya gazeti ilikwaruza koo. Ya daftari la shule iliungua haraka mno. Niliporudi Kindu, nikiwa sasa grefye wa kwanza, nikakuta mji mzima umeshapata jibu.

Jibu lilikuwa kwa Mama Anzelani, muuza tumbako karibu na reli. Alikuwa na furushi la karatasi nyembamba, laini, zilizokunjwakunjwa, zenye maandishi madogo ya Kifaransa pande zote. Zilikuwa ni zile karatasi za maelezo zinazokaa ndani ya maboksi ya dawa. Alizipata kwa Infirmye Lukeka, muuguzi mwenye dispansari yake binafsi njia ya kwenda kituoni. Lukeka alifungua maboksi yanapofika, akamimina vidonge katika chupa kubwa za kioo, na kumhesabia mgonjwa vidonge vyake ndani ya kipande cha gazeti. Karatasi za maelezo alimpa Mama Anzelani, naye akamletea ugoro. Hakuna aliyeona ubaya. Dawa ilikwenda kwa wagonjwa, karatasi ikaenda kwa wavutaji, na wote tulimsifu Lukeka kwa ukarimu.

Mimi nilikuwa na tabia yangu. Kabla ya kusokota, nilisoma. Nilikuwa nataka Kifaransa changu kipendeze, na neno nisilolijua nililitafuta katika kamusi ya ofisini. Hivyo nilisoma habari za minyoo, za malaria, za macho, halafu nikaziwasha.

Lukeka naye alikuwa na tabia yake. Alikipenda Kifaransa kuliko chakula. Ukikosea neno mbele yake, hata kama umekuja na jino linalokuua, alikurekebisha kwanza. Tulimtania kwamba siku ya kufa atamrekebisha malaika.

Sasa nifike kwa Mama Salima. Alikuwa mshonaji wa nguo, mjane, Mwislamu wa palepale Kindu, mnene, mwenye kicheko kilichosikika hadi sokoni. Mkono wake wa kulia ulijulikana mji mzima. Mabibi arusi walimngoja mwezi mzima badala ya kwenda kwa mwingine. Nilipopandishwa cheo nilimpelekea kitambaa cha kijivu anishonee abakosti yangu ya kwanza ya halali. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Nilimkuta na gazeti lililokunjwa juu ya mashine.

“Njo nini ile, Mama?” nilimuuliza.

“Dawa ya sukari,” alisema. “Lukeka ananipima mukojo, anasema niko na sukari ndani ya damu. Kidonge kimoja kila asubui. Nakunywa saa ya daku, kisha nafunga mupaka jua inaingia. Na mwili utapungua kidogo, anasema. Weye unacheka nini?”

Nilicheka, kwa sababu mwanamke kutaka kupungua, Kindu ya siku zile, lilikuwa jambo la ajabu. Nikaaga, nikatoka nje na kwenda mbali na mlango wake, maana si adabu kumvutia tumbako aliyefunga. Nikasokota yangu na kuwasha.

Siku chache baadaye, saa za alasiri, walimkuta amelala juu ya mashine na mkono wa kushoto wa koti langu chini ya sindano. Alikaa hospitali siku mbili bila kuamka. Daktari alisema sukari ya damu yake ilikuwa imeshuka karibu kwisha. Alipoamka, maneno yalimtoka polepole, na ule mkono wa kulia ulitetemeka hata kikombe hakikutulia.

Ndugu zake walimshtaki Lukeka. Kesi ya namna ile hatukuwahi kuiona. Watu walijua kushtaki mwizi na mchawi, lakini kushtaki dawa? Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Prezida wa Tribinali, hakimu mkuu wetu, mtu wa magharibi ya nchi, mpole na mwenye usingizi machoni, alimwuliza Mama Salima aliona nini siku ile. Prezida aliongea Kifaransa, na mkalimani alikuwa kati yao.

“Niliona Lualaba inaingia ndani ya nyumba,” alisema Mama Salima, akitafuta kila neno. “Polepole, Bwana. Mayi haikuwa na baridi. Nguo zote zikaanza kuogelea, na koti ya Sitwayeni Grefye ikanipungia mukono moja. Nikasema, basi, nilale kidogo.”

Niliandika hayo yote, hata Sitwayeni, “raia”, jina tulilotakiwa kuitana siku zile. Kalamu ilikwenda yenyewe, na sikusikia tena kelele za ukumbi.

Lukeka alijitetea kwa Kifaransa safi, na njiani akamrekebisha mkalimani mara tatu. Alisema dawa ilikuwa nzuri na imetoka Ulaya. Kufunga ni shauri la mgonjwa. Kiwanda hakikuandika onyo lolote juu ya kukaa bila kula, na kama lipo, wailete hiyo karatasi waione. Polisi walitafuta katika dispansari nzima wakakuta chupa za kioo tu. Prezida akaahirisha kesi kwa wiki moja, akasema bila karatasi ataifuta.

Jioni ile nilikaa barazani na kopo langu la tumbako. Nilitoa karatasi, ilikuwa ya minyoo. Nikaanza kuisoma kama kawaida, na katikati ya mstari vidole vyangu vikaacha kusokota. Niliikumbuka ile nyingine. Niliwahi kuisoma, si mara moja, mara tano au sita. Nilikuwa nimetafuta katika kamusi neno gumu la sukari kushuka katika damu, nikajisifu kwa kulijua. Niliimwaga tumbako yote juu ya meza na kufungua kila karatasi. Asubuhi nilikwenda kwa Mama Anzelani, tukafungua furushi lake lote. Za sukari zilikuwa zimekwisha. Tulikuwa tumezivuta, mimi, wanareli, na nusu ya wanaume wa Kindu. Labda siku ile nilipotoka kwa Mama Salima nilikuwa na onyo lake mdomoni, likiwaka. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada.

Nilikwenda kwa Shefu wa Grefu. Alikuwa amezeeka sana, bado na miwani ya uzi. Nilimwambia nataka kuwa shahidi.

“Grefye hawezi kuwa shahidi ndani ya kesi anayoandika,” alisema. “Utaacha kiti. Na watauliza: ulijua, kwa nini haukusema? Utajibu nini?”

“Nitajibu: nilikuwa navuta, Shefu.”

Aliifuta miwani yake kwa pindo la nguo yake. “Mukono ukisikia moto,” alisema mwishoni, “mudomo njo unalia. Enda. Lakini plumitifu uniachie miye.”

Basi siku ya kikao yule mzee aliketi mahali pangu na kuandika, nami nikasimama mahali ambapo kwa miaka kumi na zaidi nilikuwa nimewaona wengine wakitetemeka. Nilieleza habari za furushi, tumbako na kamusi, na ukumbi ukacheka sana. Halafu Prezida akaniomba niseme kilichoandikwa, nikafumba macho. Nikaiona karatasi ile mbele yangu, na moshi pembeni yake, nikaanza kuisoma kwa Kifaransa: kwamba kidonge hiki kimezwe pamoja na chakula, kwamba mgonjwa asikae saa nyingi bila kula, kwani sukari ya damu inaweza kushuka hata azimie, na kwamba akizimia kwa muda mrefu...

Hapo karatasi ikaungua. Sikukumbuka zaidi. Nikajaribu neno moja, si lenyewe. Nikajaribu la pili.

“Si hivyo,” ilisema sauti ya Lukeka kutoka kiti chake, kwa uchovu wa mwalimu. “Imeandikwa: akizimia kwa muda mrefu, ubongo unaweza kudhurika daima.”

Hakuna aliyecheka. Nilisikia kalamu ya Shefu ikiandika, kisha ikatulia. Lukeka akaitazama kalamu ile. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwake alipotamani kuwa amesikia kosa la Kifaransa akaliacha lipite.

Prezida alimtia hatiani. Aliamuriwa kumlipa Mama Salima fidia, na kila dawa anayoitoa amsomee mgonjwa karatasi yake kwa Kiswahili, kwa sauti. Alifanya hivyo, na kwa kweli alisoma vizuri. Mama Anzelani alirudi kwenye magazeti, na wavutaji wa Kindu walikohoa mwaka mzima wakinilaani.

Mimi nilihamishiwa Tunda, tribinali ndogo iliyozungukwa na mashamba, kesi mbili kwa mwezi. Barua ya uhamisho haikutaja sababu, na sikuiuliza. Sikuvuta tena. Nilikaa huko miaka mingi, nikisikiliza mvua juu ya bati, na nilipomwona mtu akimeza kidonge nilimwuliza, hata kama simjui, “Umekula?” Walidhani nina kichaa cha upole.

Mwaka wa kustaafu nilirudi Kindu kuaga. Nilimkuta Mama Salima mlangoni pake, amekonda, kicheko kimekuwa kidogo lakini ni kilekile. Aliingia ndani akatoka na furushi. Ilikuwa abakosti yangu ya kijivu.

“Binti zangu walitaka kuimaliza,” alisema. “Nikakatala. Ile mukono ya kushoto njo ilikuwa ndani ya mashini siku ile. Niliishona na mukono yangu, sindano moja leo, ingine kesho. Nilikuwa nakula kwanza.”

Mkono wa kulia wa koti ulikuwa kazi ya fundi niliyemjua. Wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, na nyuzi zake zilipanda na kushuka hadi kwenye kifundo cha mkono. Nilitaka kumwambia nilichokuwa nimekibeba tangu siku ile nilipotoka mlangoni pake na kuwasha, lakini yeye alikuwa ameshaanza kunivalisha, akivuta bega na kurudi nyuma kutazama, kama afanyavyo mshonaji.

“Samahani, Mama,” nilisema. “Nilikuwa nimeisoma.”

“Najua,” alijibu. “Ulisema mbele ya bantu bote. Inua mukono nione.”

Nikauinua. Kwapani hapakubana.