Moshi wa Amoding

Nasimiyu alibandua kinyesi cha ng'ombe kilichoziba mdomo wa kibuyu, na badala ya mbegu wakaruka nondo! Weupe, wenye madoa mekundu na meusi, wakamgonga usoni. "Mama yangu wee!" Kibuyu kikamtoka mkononi, kikapasuka.

Yakamwagika maganda matupu, yametobolewa yote. Hizo zilikuwa mbegu za mitoo, mboga iliyompa jina sokoni Malaba, maana mitoo yake haikuwa kali ulimini. Mama yake alimletea alipokuja kumtembelea mara ya mwisho, kisha akafa. Nyingine hazikuwapo, na mvua ilishaanza.

Kwa hasira akamkamata nondo mmoja, akambana. Mdudu akatoa povu la njano shingoni! Nasimiyu akaruka, akamtupia kuku. Kuku akadonoa, akatema, akasugua mdomo mchangani. Jamani, kuku gani anakataa mdudu?

Lakini Nasimiyu, nani alimtuma? Mwaka ule wa sabini na saba, kahawa ya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka ilimpa mumewe, Wesonga, nyumba ya mabati hapo Adungosi. Bibi Nasimiyu akaona moshi ni uchafu. Maganda ya mitoo yaliyoning'inia juu ya meko, kama mama alivyomfundisha, akayashusha, akayafungia kibuyuni. Amoding, jirani yake wa kabila la Wateso, alimwambia, "Dada, kiwavi analala ndani ya ganda. Moshi ndio unamtoa." Nasimiyu akacheka mpaka akashika mbavu. "Kaa na masizi yako!"

Sasa akaenda mwenyewe kwenye nyumba ya nyasi ya Amoding, akaeleza yote, hata ya kuku.

"Kuku hana makosa," Amoding alisema. "Huyo mdudu amekula uchungu wa mitoo tangu utoto. Nani atammeza?"

Akapanda kigoda, akashusha fungu la maganda meusi kwa moshi, mazima. Nasimiyu akaliona fundo la kamba. Fundo lile alikuwa akilifunga mtu mmoja tu duniani.

"Umetoa wapi?"

"Mama yako aliniachia siku anarudi kwao. Alisema, 'Mkwe wangu ameonja hela ya kahawa. Binti yangu karibu ataukataa moshi. Mwekee.'"

"Na ukanyamaza?"

"Nilifungua mdomo, ukanicheka."

Nasimiyu hakuweza kulipokea fungu. Alikaa chini palepale kando ya meko akalia, masizi yakimwangukia kitambaani, wala hakuyapangusa.