Jina la Mama Ekai

Nisikilize kwanza, ucheke baadaye. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, ndani ya maktaba ya Isiolo, nikiwa nimeshiba githeri na akili zangu zote ziko mahali pake. Najua wafu wa watu wengine hutokea usiku. Wangu alikuja jua likiwaka mpaka mabati yanalia.

Mimi ni mtu wa ngumbaru. Nilimaliza masomo nikiwa na miaka hamsini na mbili, na tangu siku hiyo hakuna maandishi yaliyonishinda mji huu, hata yale madogo ya nyuma ya pakiti ya chumvi. Kwa hivyo mjukuu wangu alipokataa titi, nyumba nzima ilinigeukia mimi, msomi.

Kwetu, sisi Waturkana, mtoto mchanga huwekwa kwenye titi na wazee hutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya lingine. Jina likitajwa naye akavuta, hilo ndilo lake. Huyu wetu alitajiwa majina mpaka nadhani tuliingia kwenye ya mbuzi. Aligeuza uso tu. Siku ya tisa hiyo, anaishi kwa maziwa ya mama ya kukamuliwa, akinyweshwa kwa kijiko. Nesi alimpima akasema hana ugonjwa, tuendelee kujaribu. Lakini alikuwa anakonda, na mke wa mwanangu alikuwa amemaliza machozi.

Mama yangu akasema limebaki jina moja tu, la mama mkwe wake. Nikamuuliza ni lipi. Akaangalia pembeni.

"Mkwe haulizwi jina," akasema. "Sote tulimwita Mama Ekai."

Ekai ni baba yangu, na tulishamzika. Hebu fikiria: bibi aliyenibeba mgongoni, na jina lake silijui! Nilikuwa na miaka sita alipofariki. Picha hakuna, sura imefutika. Nilibaki na harufu ya kibuyu chake cha maziwa kilichofukizwa moshi, na kengele za ng'ombe wa serikali wakirudi jioni kule karantini, walikotengwa wakaguliwe magonjwa, ambako babu alikuwa mchungaji. Na dole gumba lake la kulia. Shoka lililipasua zamani, likaacha kovu lililolikata katikati kama barabara. Nilikuwa nalishika ndipo usingizi unikubali.

Basi nikaenda maktaba na kalamu tatu. Halima, anayeiangalia ile maktaba, alinipa salamu, nikaandika jina langu kwenye daftari la wageni pale mlangoni, akaniwashia kompyuta. Nikaandika "Mama Ekai, Isiolo". Niamini, ilinitolea kina mama elfu kumi, mmoja anauza mikate Brazili. Mtandao mwingine wa kutafuta ukoo ukaniambia niandike kwanza jina la bibi, ndipo unisaidie kutafuta jina la bibi. Nikahamia vitabu vya zamani vya wilaya. Walikuwa wamehesabu kila ng'ombe wa karantini, hata wenye kikohozi. Bibi yangu hawakumhesabu.

Nilipoinua kichwa, mwanamke mzee alikuwa ameketi mbele yangu, shuka begani, shanga zimejaa shingo.

"Unatafuta nani, wewe mtoto?"

Mtoto! Na mvi zangu hizi. Nikamwambia natafuta jina la bibi yangu. Akacheka, mkono mdomoni.

"Na unauliza karatasi. Karatasi ilimlea nani?"

Nikamweleza habari ya mjukuu. Kicheko kikaisha. Akatazama dirishani, upande wa karantini.

"Alizaliwa njiani, watu wake wakihamia huku," akasema. "Wakamwita Arot, yaani wa njiani. Alipozaa, jina lake likafunikwa na la mtoto. Hakuna aliyemwita tena. Hata yeye alikaribia kulisahau."

Nikashika kalamu. Akaizuia kwa kiganja.

"Usiandike. Enda umwite."

Lakini msomi ni msomi. Nikainama niandike, herufi nne tu, na nilipoinuka kiti kilikuwa kitupu. Meza yote ilinuka maziwa ya moshi.

Nikamkimbilia Halima, nikamuuliza nyanya amepita wapi.

"Nyanya gani, mzee? Tangu uingie uko peke yako. Nilisikia ukiongea, nikadhani ngumbaru huwafundisha kusoma kwa sauti."

Nikavuta daftari. Chini ya jina langu palikuwa na alama ya dole gumba, ya wino mweusi, na katikati yake mstari mweupe umeikata. Halima akapapasa droo yake. Kidau cha wino kilikuwa humo, kimefungiwa, na ufunguo uko shingoni mwake. Nikaweka kidole changu juu ya ile alama. Ilikuwa bado mbichi.

Nilikimbia mpaka nikawapita watu wa bodaboda. Nyumbani nikamwinamia mtoto kwenye titi la mama yake, nikasema, "Arot."

Akatulia. Akafungua mdomo, akashika, na sisi sote tukasikia akimeza. Mama yangu akajifunika uso kwa shuka, maana mkwe hatajwi. Lakini chini ya ile shuka nilimsikia akilisema polepole, mara ya kwanza maishani mwake.

Arot sasa yuko nasari, mnene kama gunia la maharagwe ya Meru. Jioni hunishika dole gumba ndipo alale. Juzi aliligeuza huku na huku, akaniambia, "Babu, lako halina barabara." Nani alimwambia? Si mimi. Na Halima, mpaka leo, haketi meza ile mchana.

Kwa hivyo wewe unayesoma, kama nyanyako yuko hai, weka hii karatasi chini umuulize aliitwa nani kabla hajaitwa mama wa mtu. Na ikiwa umechelewa, nawe siku moja ukute alama ya kidole chini ya jina lako, usiifute. Kuna mtu ametembea kwa miguu kutoka mbali.