Harage la Mwezini na Mate ya Babu

Sisi tuliokua chini ya Mlima Hanang miaka ile mkoa wetu ulipozaliwa, tulilala Arusha tukaamka Manyara bila kuhama hata kitanda. Enzi hizo redio ilikuwa ya betri, na betri ikichoka iliwekwa juani ijifikirie. Wenye simu walikuwa wa kuhesabika, nao wakitaka kuongea walipanda kilima na kupiga kelele hivi kwamba mtu angeweza kuwasikia bila mtandao. Mitumba ilikuwa imefika hadi minadani, na mimi nilikuwa na sweta la mtoto wa Ulaya lenye picha ya theluji. Baridi ya Hanang ilipenya kwenye ile theluji kama kwake.

Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukafumuka. Tulikula makande ya moto huku tukipuliza vidole. Vijana wa leo wakikosa intaneti kwa nusu saa wanasema maisha ni magumu. Sisi tulikuwa tunakwenda mwezini, tena kwa punda.

Safari hiyo ilianza darasa la sita, kwa Mwalimu Akonaay. Alikuwa kijana, mwembamba, mwenye suruali yenye mkunjo mkali na akili isiyotulia. Siku moja aliingia darasani akiwa na jiwe jeusi lenye vitundu, akaliweka mezani taratibu kama yai.

"Nimesoma kwamba udongo wa mwezini unafanana na mawe ya volkano yaliyosagwa," alisema. "Sasa, mlima wetu huu ni nini?"

"Volkano!" tuliitikia.

"Basi mwezi tunao hapo nyuma ya choo cha shule."

Darasa lililipuka. Ndipo akatutangazia jambo lililoninyima usingizi: kungekuwa na maonyesho ya shule Babati, makao makuu mapya ya mkoa. Mwalimu mkuu alikubali kupeleka harage litakaloota kwenye udongo wa mwezi, pamoja na watoto wawili waliolitunza. Lisipoota, hakuna safari. Mimi nilikuwa sijawahi kufika mbali kuliko Katesh. Babati nilikuwa naisikia tu, kwamba kuna taa za barabarani na soda za baridi. Niliitaka ile safari kuliko Krismasi.

Tuligawanywa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa Gidamis, kijana wa wafugaji wa kule tambarare, mpole, mkweli mpaka inachosha. Nyumbani kwao walikuwa na punda, na huyo ndiye aliyetubebea mawe. Tuliyaponda kwa nyundo hadi tukawa weusi nywele mpaka kucha. Tuliyachekecha kwa chekeche la unga la mama yangu. Mama alipoligundua hakupiga kelele, alisema tu, "Nikikuta changarawe kwenye ugali, wewe utahamia huko huko mwezini na chekeche lako."

Kisha tukaukaanga ule unga wa mawe kwenye sufuria kuukuu, maana Mwalimu alisisitiza: mwezini hakuna mdudu, hakuna samadi, hakuna jani lililooza. Udongo uwe umekufa kabisa, na maji yawe ya kuchemsha. "Chochote kingine kisiingie," alirudia. "Chochote!"

Tukapanda harage moja moja kwenye makopo ya udongo huo, nayo yakapangwa dirishani. Watoto wa darasa zima walikuwa na mapenzi mno. Kila mapumziko walimwagilia, wakirudi chooni wanamwagilia, na hata yule aliyechelewa shule aliomba msamaha kisha akamwagilia. La kwetu mimi na Gidamis tuliliomba tukalitunze nyumbani, kwa sababu niliona wivu wakiligusa.

Hapo ndipo alipoingia Babu.

Babu mzaa baba alikuwa Mkristo wa mstari wa mbele kanisani, ila mbegu hakuiachia padri peke yake. Alitukuta tumechuchumaa mbele ya kopo.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Mnapika nini?"

Tukamweleza mwezi, volkano, Babati. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hata Mwalimu hakuliwaza: "Mimi napanda kwa kuangalia mwezi. Sasa mtu akiwa ameukanyaga huo mwezi, ataangalia nini ajue msimu?"

Gidamis akafikiri, akasema, "Atatuangalia sisi, Babu. Sisi ndio tutakuwa juu kwake."

Babu alitazama mbinguni muda mrefu. Halafu, kama mtu anayetazamwa kutoka huko juu, akafunga kifungo cha juu cha koti lake, akapangusa magoti. Tulicheka hadi tukakaa chini.

"Na nani amelibariki?" akauliza.

Babu akasema mbegu haiingii ardhini kimya kimya kama mwizi, hata ardhi iwe ya mwezini. Akachukua kibuyu chake cha pombe ya mtama na kuanza slufay, ile sala ya wazee wetu Wairaqw, mmoja anaongoza na wengine wanaitikia.

"Mvua ije taratibu, isije na hasira!"

"Iwe hivyo!"

"Ng'ombe washibe, watoto washibe!"

"Iwe hivyo!"

"Na hili harage, popote linapopelekwa, lipokelewe!"

"Iwe hivyo!" tulipiga kelele, na kabla hatujafumba midomo, Babu alikuwa amepiga funda na kulipulizia kopo letu pombe. Pfuuu! Harage likalowa.

Gidamis alishika kichwa. "Babu! Mwalimu amesema chochote kisiingie!"

"Mate yangu si chochote," alijibu Babu, akaenda zake.

Mnajua kilichotokea. Maharage ya dirishani yalioza yote kwa kupendwa. La kwetu likapasua udongo, likanyoosha shingo na kufungua majani mawili ya kijani. Tulipolirudisha shuleni, shule nzima ilikimbia kuja kuona. Mwalimu Akonaay alirukaruka hadi mkunjo wa suruali ukapotea.

"Mmefanya nini cha tofauti?" akauliza.

Nilimkanyaga Gidamis mguu. Nilikuwa naiona Babati ikiondoka na soda zake. Lakini Gidamis ni Gidamis. "Babu yake amelibariki," alisema. "Kwa pombe."

Mwalimu alitazama kopo, akatutazama sisi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ubao na kupata chaki mgongo mzima. "Mwanasayansi hafichi," alisema akifuta machozi. "Tutaandika, na tutakwenda!"

Basi tukapanda Fuso la mbaazi, juu ya magunia, tukiimba hadi sauti zikakauka, kopo likiwa mapajani kwangu. Kwenye karatasi Mwalimu aliandika: *Udongo wa mwezi wa kuiga. Maji ya kuchemsha. Mate ya mzee mmoja.* Kule kwenye maonyesho mama mmoja mkaguzi aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. "Mwakani," alisema kwa uso mkavu, "leteni kopo lenye mate na lisilo na mate, tulinganishe." Zawadi hatukupata. Soda tulipata, na nilipopiga ile mbweu ya kwanza ya Babati nilijiona nimefika.

Juzi binti yangu Noela alinionyesha simu yake. Wanafunzi wa nchi fulani wanapanda mimea kwenye udongo wa mwezi wa kuiga, chini ya taa za zambarau. "Mama, ona wenzetu walivyoendelea!" Nikamwambia mimi nilishafika huko na punda, hakuamini. Tukapanda harage kwenye kikopo, hapa barazani kwetu Arusha. Watoto wa siku hizi wana taa, wana vipimo, wana picha za kila jani. Sisi tulikuwa na mtu wa kutuombea tupokelewe popote tunapopelekwa, na mtu huyo siku hizi simwoni. Nilimkumbuka Babu.

Nikapiga funda la soda. Pfuuu!

"Mama! Unalitemea?"

"Na hili harage," nikasema, "popote linapopelekwa, lipokelewe." Kisha nikasubiri aitikie.

Noela aliweka simu chini. "Sasa mimi nasemaje?"

"Sema iwe hivyo."

Akasema kwa sauti iliyomfanya jirani achungulie. Nami nikatazama mbinguni, nikafunga kifungo cha juu cha sweta langu.