Shamba la Sefania

Mgeni alisema anatafuta kabichi, lakini alipofika gengeni kwa Hezekia hakugusa hata moja. Aliuliza bei, akatazama njia ya kwetu, kisha akauliza kama Sefania, yule aliyekuwa jeshini, bado analima.

Hezekia alikuja kutuambia mwenyewe. Baba mdogo Sefania alimtazama mdomoni, kama afanyavyo tangu mlipuko wa mazoezini ulipomharibu masikio. Akipanda mteremko kichwa kinazunguka, anaanguka, na huku Gare kote ni mteremko. Madaktari walimkuta hafai tena kwa jeshi. Sasa anaishi kwa fidia ya ulemavu.

"Ukamjibuje?"

"Kwamba unalima vizuri tu. Ningekutukana mbele ya mgeni?"

Kwetu, kusema mwanamume halimi ni kumvua nguo hadharani. Baba mdogo alilijua hilo, lakini hakumwamini Hezekia.

"Amekupa nini?"

"Sefania, mimi ni jirani yako."

"Ndiyo maana nauliza."

Tangu hapo alikaa kibarazani ameegemea ukuta, akihesabu nani anapita na nani anageuza shingo. Hata mimi, nikiwa na daftari langu, aliniuliza naandika nini.

Mgeni akarudi, safari hii bila habari za kabichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu bibi Esteria, mama yake Sefania.

Alisema ametumwa kuangalia kama anayelipwa fidia kweli hawezi kazi. Kijiji kizima kilikuwa kimemwambia anaweza.

"Lile shamba la maharage pale juu ni lake?"

"Lake."

"Nani analilima?"

Hezekia alikuwa ameshaegemea ua. Bibi alimwona, akajifunga upya khanga.

"Mama," alisema baba mdogo, "si uliniambia ni vibarua?"

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Alfajiri, kwenye ukungu. Watu wakiamka wanakuta pamelimwa. Wakiuliza, nasema mwanangu kaamka mapema."

Mgeni alitazama viganja vya bibi, kisha akamwomba Sefania wapande wote hadi shambani. Sefania alifika tuta la pili. Akashika hewa, akaangukia kwenye maharage mbele ya macho ya majirani wote.

Mgeni alimwinua, akamkung'uta udongo. "Fidia yako haitaguswa," alisema, karibu na uso wake ili amwelewe.

"Nani alikuita?"

"Hakuna. Tunawakagua wote."

Baba mdogo aligeuza shingo. Alikuwa anamtazama Hezekia.

"Basi, mama," Hezekia alimwambia bibi, akiwa bado ameegemea ua, "sasa ulime mchana. Ukungu utakumaliza."

Kesho yake bibi alipanda shambani jua likiwa limeshatoka, jembe begani, akisalimiana na kila mtu njiani. Mwanawe alibaki kibarazani, mgongo ukutani, akiwatazama midomo waliomwitikia.