Sauti ya Theluji

Laiti ningemkatalia mjomba. Aliniambia nizibe kwa selotepu vitundu vinavyozuia kufutwa kwa kanda ambamo mama aliimba nyimbo za Krismasi kwa kayamba, ili turekodi juu yake nyimbo za wazungu kutoka redioni.

Leo, hapa Doha, fundi wa mtaa wa Al Mansoura amefungua redio kuukuu ya kaseti, na harufu ya kanda iliyopata joto imenirudisha siku ile ya utotoni.

"Na mama akiuliza?" nilimwuliza mjomba.

"Si ataimba tena, mpwa wangu? Kwani mdomo umeenda wapi?"

Nami nilitaka sana kujua kama theluji, iliyotajwa katika nyimbo hizo, ina sauti. Nikaziba. Gitaa likalia, wazee wa ng'ambo wakaimba habari za baridi, nikasogeza sikio. Theluji sikuisikia.

Mama alifariki kabla ya Krismasi iliyofuata. Hakuwa amerekodiwa kwingine. Sauti yake siikumbuki tena.